Naomba ushauri: watazamaji wa kibanda changu wanasema magari ya kisasa yameua utamu wa rali

KibandaIsevya (Tabora)
Mwangaluka wakuu. Nina kibanda umiza hapa Isevya. Siku za mpira watu hukosa pa kukanyaga, lakini mapenzi yangu makubwa yako kwenye rali. Tangu Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kila ikifanyika Naivasha naiweka kwenye skrini kubwa. Mwanzoni walijaa. Siku hizi wanakuja wachache, wanatazama kona mbili tatu halafu wanaomba niwabadilishie.

Nikawauliza sababu. Wazee wanasema zamani walishangilia Peugeot na Datsun kwa sababu ndizo walizoziona zikipita hapa mjini. Vijana ndio walioniumiza zaidi. Wanasema magari ya barabarani ya sasa ni otomatiki, kimya, kompyuta inamfanyia dereva kila kitu, kwa hiyo na rali imekuwa hivyohivyo. Mmoja akaniambia, "Ile Yaris ya Naivasha inafanana na Yaris ya mtaani kwa jina tu."

Nilikuwa nataka kulipia matangazo ya moja kwa moja ya rali ya dunia kwa mwaka mzima. Sasa nasita. Nilipie, au niachane nayo nibaki na mpira? Na hoja yao ina ukweli kiasi gani? Naomba mnijibu kwa uzito, maana hili naliwaza sana.

MzeeWaReli
Mhola mwanangu. Wazee wenzangu wana haki kabisa. Safari ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 aliyeshinda ni Bert Shankland, dereva wa hapahapa Tanzania, kwa Peugeot 404. Ilikuwa gari la kazi, la kubeba familia na magunia, na ndilo lililoyashinda matope. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika saba. Ukisikia hivyo kisha ukalitazama la jirani yako limesimama nje, unaliheshimu! Leo nitamheshimu jirani kwa gari gani?

FundiGongoni
Shikamoo mzee. Kaka KibandaIsevya, vijana wako wanachanganya mambo mawili.

Kuhusu gari la barabarani nakubaliana nao. Likianza kuteleza kwenye mchanga wa kuelekea Ipole, kompyuta inakata nguvu na kushika breki za tairi moja moja kabla dereva hajajua kimetokea nini. Ni usalama mzuri, siupingi, ila mtu anaendesha miaka bila kujua gari likipoteza mshiko linarudishwaje.

Gari la rali limekwenda upande mwingine kabisa. Magari makubwa ya 2017 hadi 2021 yalikuwa na difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma, inayoongozwa na kompyuta. Yalipokuja haya ya Rally1, daraja la juu kabisa la rali ya dunia, mwaka 2022, difu hiyo iliondolewa. Gia zikapungua kutoka sita hadi tano, na dereva akarudishiwa wenzo wa kuvuta kwa mkono badala ya kibonyezo cha kwenye usukani. Mabawa ya kukandamiza gari chini yakapunguzwa, na shokapu zikawekewa kikomo cha kupanda na kushuka. Hata ule mtambo wa umeme waliouweka 2022 waliutoa 2025. Kwa hiyo anayesema kompyuta inamwendeshea bingwa wa dunia kama Ogier hajui anachokitazama, na kosa si lake, hakuna aliyemweleza.

Na ile milio ya risasi dereva akiachia mafuta? Ni petroli inayounguzwa kwenye njia ya moshi kwa makusudi ili turbo isipungue mzunguko, akikanyaga tena nguvu iwe imeshafika. Waambie hilo, uone watakavyotega masikio.

Mwana_Ujiji
Fundi umeeleza vizuri, lakini umeruka maumivu yenyewe. Shabiki hapendi difu. Anapenda gari analoweza kulitamani, akalikuta linauzwa.

Mwaka 1987 Kundi A, daraja la magari yaliyotokana na yale ya dukani, lilipochukua usukani, kiwanda kilitakiwa kwanza kitengeneze magari 5,000 ya aina hiyo, baadaye idadi ikashushwa hadi 2,500. Ndiyo maana tukapata Toyota Celica GT-Four, Subaru Impreza ya turbo na Mitsubishi Lancer Evolution. Ian Duncan aliposhinda Safari 1994 kwa Celica, mtu mwenye pesa angeweza kwenda kununua ndugu yake wa damu. Mwaka 1997 sheria ikabadilika: kiwanda kikaruhusiwa kuchukua gari la kawaida na kulitia turbo na mvuto wa magurudumu manne bila kuliuza hivyo kwa wananchi. Hapo ndipo kamba ilipoanza kukatika. Rally1 imemalizia kazi, maana chini ya bodi kuna fremu ya mabomba, na injini ni ya silinda nne wakati GR Yaris inayouzwa dukani ina tatu.

Soko nalo limechangia. Ford walihama kutoka Fiesta kwenda Puma mwaka 2022, na mwaka uliofuata wakaacha kabisa kutengeneza Fiesta. Wanunuzi wanataka magari marefu ya kukaa juu. Subaru walijitoa ubingwa wa dunia mwisho wa 2008 na hadi leo hapa Kigoma kijana akisikia rali anataja Subaru. Hilo linanihuzunisha, kwa sababu anashangilia kitu kilichoondoka pengine hajazaliwa.

ChumaChaZamani
Warudishe Kundi B tu, yale magari makali ya miaka ya themanini kabla ya Kundi A. Yale ndiyo yalikuwa magari.

DadaNzega
@ChumaChaZamani hapana. Mwaka 1986 watazamaji walikufa Ureno, miezi miwili baadaye dereva Toivonen na msaidizi wake Cresto wakafa Corsica. Hakuna msisimko unaolipia hayo.

Kaka wa Isevya, mimi nimesimama kando ya njia Morogoro kwenye mbio za ubingwa wa taifa. Lilipopita Lancer Evo, changarawe zilinipiga miguuni na kifua kikatetemeka. Dakika kadhaa baadaye likapita Subaru lenye bampa iliyofungwa kwa waya, dereva anapigania nafasi ya nyuma kabisa, na watu walilishangilia kuliko la kwanza! Walilijua gari. Mafundi wake walikuwa watu wa kawaida, wanakunywa chai chini ya mti.

Usiwadharau wanaosema Evo ni la kizamani. Carl Tundo alichukua ubingwa wa Afrika 2021 kwa Evo X, wakati Skoda na Fiesta za Rally2, daraja lililo chini ya Rally1, zilikuwa zimeshaingia. Gari ambalo fundi wa gereji anaweza kulifungua linaweza bado kushindana huku kwetu. Vijana wako wanahitaji kuona hilo kabla ya kuoneshwa Yaris.

Jambo jingine ni mwendo. Zamani Safari ilizidi kilomita 5,000 katika barabara zilizo wazi, gari linamkuta mtu kijijini kwake. Sasa vipande vinavyopimwa muda havifiki kilomita 400, vyote vimefungwa, na wewe wa Tabora unabaki na skrini. Hasara hiyo haikuletwa na gari.

FundiGongoni
Dada umenena. Nami niongeze kuwa sheria mpya za 2027 zimeweka bei ya gari isizidi yuro 345,000 na nguvu kama farasi 300, zikitumia vipuri vingi vya Rally2. Wengine wanalia kuwa ni kushusha hadhi. Mimi nafurahi, timu ndogo zitapata mlango.

KibandaIsevya
Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Basi silipii mwaka mzima kwanza. Nitashika Safari ya Machi peke yake. Wiki moja kabla nitatafuta picha za ubingwa wetu wa taifa, za Evo na Subaru zenye namba za Tanzania, niwaoneshe bure jioni kabla ya mpira. @FundiGongoni, ukija ukae na kipaza sauti ueleze hayo ya difu na milio, kiingilio chako na chakula juu yangu.

FundiGongoni
Nitakuja. Nitabeba na difu moja mbovu ya Forester niifungue mezani waione.

Mwana_Ujiji
Ukija kulipia mwaka, angalia saa. Za Ulaya zinaanza asubuhi yetu, hazigongani sana na mpira wa jioni. Japani vipande vya kwanza ni usiku wa manane huku, utawasha jenereta peke yako.

DadaNzega
Na mchana bati la kibanda linavuja mwanga, vumbi la Naivasha litaonekana jeupe tupu kwenye skrini. Tafuta turubai jeusi uzibe upande wa magharibi.