Mnaouza mashine za kurenda: andikeni jina kamili la madabodi, ama muuze sufuria

Wanajukwaa, asalaam aleikum. Mods, tafadhali msiuhamishe uzi huu kule kwa vichekesho. Mimi sicheki.

Kazi yangu ni picha za nyumba. Mtu akinunua gofu Mkomani ama kiwanja Shela, hapa Lamu, msanifu anachora ramani, mimi naigeuza kuwa picha na video kwa kompyuta, ndiyo kurenda, ili mwenye mali aliye ng'ambo aione nyumba yake kabla fundi hajaloweka chokaa. Wengi wanadhani ni kazi ya kukaa kitako na kubofya. Haya, jaribuni kurenda ndani ya nyumba ya Kiamu. Mwanga unaingia kupitia kiwanda (ua wa ndani) peke yake, unagonga ukuta mweupe, unaruka, unagonga boriti, unapenya msana (ukumbi mrefu) wa kwanza, wa pili, mpaka unafika ndani kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ukiwa umechoka kabisa, na kila ulipogonga lazima pahesabiwe. Punguza sampuli, yaani idadi ya miali inayohesabiwa, kidogo tu, picha yote inajaa chenga. Banda la makuti la ufuoni lililo wazi pande zote linamalizika nikinywa chai. Nyumba ya wazee wetu ndiyo inayotoa mashine jasho, usiku kucha, viini vyote vya prosesa vikiwa asilimia 100.

Kwa hiyo sikwenda dukani kuomba "kompyuta kali". Niliandika orodha, kitu kwa kitu, nikaituma kwa duka moja la Nairobi ambalo kwenye matangazo yake linajiita bingwa wa mashine za kazi nzito. Prosesa Ryzen 9 9950X. RAM vijiti viwili vya GB 48. Pawa saplai wati 1200. Madabodi, ile bodi kuu inayobeba vyote, ya soketi ya AM5 yenye matundu mawili marefu ya kadi yanayogawana njia za data nane kwa nane, VRM (saketi za umeme wa prosesa) iliyofunikwa bati la kupoza, na kile kitufe cha nyuma cha kupandisha BIOS, programu inayoiwasha bodi, bila prosesa. Nikawapa na mfano kabisa: ProArt X670E-Creator, ama yoyote inayolingana nayo. GPU, yaani kadi ya picha, sikuagiza, ninayo RTX 3090 ya mtumba ya GB 24, na nia ni kuongeza ya pili kazi zikiruhusu.

Kotesheni ikaja. Prosesa imeandikwa jina lote. SSD jina lote. Mpaka feni za taa za rangi, ambazo sikuziomba, zimeandikwa jina lote na rangi zake. Kwenye madabodi: "B650, 1".

Nikauliza, B650 gani? "Hiyo ni kali sana bosi, inabeba kila kitu, X670E imeisha." Sawa, lakini B650 gani? "B650 ni B650 bosi."

Jamani! B650 ni jina la chipseti, ile chipu inayoendesha matundu ya USB na SSD za ziada. Si jina la bodi. Kuna B650 za kila bei na kila ubora kutoka kwa kila mtengenezaji, na tofauti yake ni usiku na mchana. Ni sawa na mtu akuuzie chombo akwambie "kina tanga". Nikauliza tena, nikaambiwa jina nitalikuta kwenye sanduku. Mteja wangu alikuwa ananisukuma, nikakubali kwa sharti moja lililoandikwa: wafunge vitu vyote pamoja, wawashe, wanipigie picha ya kioo cha kompyuta, ndipo wavifungue na kunitumia. Nililipa laki mbili na ushee.

Picha ikaja. Kioo cha BIOS kinawaka vizuri. Sasa ikuzeni picha mkitaka, nimeiambatanisha. Pale juu kushoto penye jina la prosesa pameandikwa Ryzen 5 7600. Mimi nimenunua 9950X! Nikawapigia hapo hapo, wakaniambia mzigo uko kwenye basi tayari.

Basi hadi Mokowe, boti hadi Amu (Lamu mjini), hamali hadi mlangoni. Nafungua: bodi ndogo, matundu ya RAM mawili. Naam, mawili. Na RAM waliyonitumia ni vijiti vinne vya GB 32. "Tumekuongezea bosi, 128 ni zaidi ya 96." Nitavichomeka wapi, kwenye friji? Na hata bodi ingekuwa na matundu manne, sikusema viwili kwa bahati mbaya. Hizi 9950X ukizipa vijiti viwili, AMD inakuhakikishia kasi ya 5600. Ukijaza vinne vyenye safu mbili za chipu, inashuka hadi 3600. Hiyo iko kwenye ukurasa wa AMD wenyewe, duka linalojiita bingwa linafaa kulijua hilo kabla halijafungua mlango.

Tundu refu la kadi ni moja, basi. Ile ndoto ya 3090 ya pili imeishia Mokowe. Na hapa niseme kwa wale wanaopanga kununua: msidanganyike na urefu wa tundu. Prosesa hizi zina njia 24 za PCIe (za kupitishia data) za kutumia, 16 ni za kadi na zilizobaki ni za SSD kwa kawaida. Bodi ya maana inazigawa zile 16, nane huku nane kule, na kwa kurenda nane zinatosha sana, kwa sababu nyumba unayorenda ikishapakiwa kwenye kumbukumbu ya kadi, kadi inajifungia na hesabu zake. Bodi ya hovyo inakuwekea tundu la pili refu la kupendeza macho, ndani mna njia nne za kupitia chipseti, na bodi nyingine njia moja tu. Hili halionekani kwenye picha ya dukani. Liko kwenye kitabu cha bodi, na kitabu hukipati kama hujui jina la bodi. Mnaona sasa kwa nini nalia na jina?

VRM ndiyo iliyoniuma zaidi. Hizi ni saketi zinazozunguka prosesa, kazi yake kuushusha umeme wa volti 12 hadi volti moja na kitu ambayo prosesa inataka. 9950X imeandikwa wati 170, lakini soketi inaruhusiwa kufika 230, na kwa volti ndogo hivyo ni ampea zaidi ya 100 zinapita pale. Mchezaji wa gemu hawezi kuona shida, gemu inapanda na kushuka. Kurenda hakushuki. Ni mzigo uleule kuanzia isha mpaka alfajiri, katika chumba cha Lamu kisicho na AC. Bodi niliyoletewa, zile chipu za VRM ziko uchi, hakuna hata kipande cha bati upande mmoja, na tundu la umeme wa prosesa ni moja la pini nane. Hata ikiwaka leo, itapata joto, itaibana prosesa, na mimi nitakuwa nimelipia viini 16 nipate kazi ya nusu yake.

Nimesema "hata ikiwaka" kwa sababu haiwaki. Nimefunga kijiti kimoja, hakuna kadi, hakuna SSD. Feni zinazunguka, taa ndogo nyekundu kando ya neno CPU inabaki hapo. Na kabla hamjaniambia nisubiri: najua RAM za DDR5 kwenye AM5 mara ya kwanza hukaa gizani dakika kadhaa ikipima RAM. Nimeiacha nikaenda msikitini, nikarudi, taa ni ileile.

Sababu naijua na wao wanaijua. Bodi za B650 zilitoka 2022. Prosesa za 9000 zilitoka Agosti 2024. Pini ni zilezile, inakaa kwenye soketi bila shida, lakini BIOS ya zamani haiitambui mpaka ipandishwe. 7600 yao inawaka kwa BIOS ile ya zamani, ndiyo maana picha ilipendeza. Kila mtengenezaji ana orodha kwenye tovuti yake inayosema prosesa hii inataka BIOS kuanzia toleo hili. Ni kazi ya dakika chache dukani, ambako 7600 wanayo mkononi na flashi wanayo. Hapa Amu nitaitoa wapi? Na kitufe cha kupandisha BIOS bila prosesa, nilichokiomba kwa maandishi, bodi hii haina.

Sasa sikieni majibu. Kwanza: "Bodi ni nzima, tulitest." Mlitest na prosesa ya nani? Pili: "Huko kwenu ni baharini bosi, chumvi imeingia." Chumvi! Bodi imetoka kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme mbele ya kamera, video ninayo, na imechomekwa saa hiyohiyo. Nakubali chumvi inakula vyuma huku, kila mwenye kompyuta Amu anajua pini za USB zinavyopata kutu, lakini haifanyi kazi hiyo kati ya magharibi na isha. Tatu, na hii ndiyo iliyonileta hapa: "Tuongezee elfu kumi tukubadilishie, lakini mzigo urudi kwa gharama yako, na RAM hatuchukui, risiti inasema bidhaa ikiuzwa hairudishwi."

Niwaambie hivi, maandishi ya chini ya risiti si sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nazo, na fidia akipata hasara kwa kasoro. Sheria ya uuzaji wa bidhaa nayo inataka kitu kilingane na kilivyoelezwa. Mimi nilieleza kwa maandishi, nikapokea "B650, 1". Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, huhitaji wakili. Nina jumbe zote, kotesheni, picha ya 7600 na video.

Pawa saplai sitaisemea sana: wati 750 badala ya 1200. 3090 moja inakula 350, prosesa 230, ongezeni kadi ya pili mpige hesabu wenyewe.

Ninachotaka kwa duka: bodi niliyoagiza ama pesa yangu, RAM ya vijiti viwili, pawa saplai ya wati nilizolipia, na nauli ya mzigo kwenda na kurudi ni juu yenu. Ninachoomba kwenu wanajukwaa ni kimoja. Kama kuna mtu Amu, Mpeketoni au Malindi mwenye Ryzen ya 7000 ya AM5, aniazime kwa saa moja nipandishe BIOS hii angalau nithibitishe prosesa yangu ni nzima. Nauli na chakula juu yangu, na unaweza kukaa ukiitazama prosesa yako muda wote.

NYONGEZA

Naona majibu, nijibu machache.

Anayesema ningechukua i9 ya Intel: zile za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa na tatizo la kujiharibu kwa volti, Intel wenyewe walikiri 2024, wakatoa maikrokodi 0x12B (marekebisho ya ndani ya prosesa) na kuongeza waranti miaka miwili. Na hiyo maikrokodi inaingia kwa njia gani? Kwa kupandisha BIOS ya bodi. Kwa hiyo bado tuko palepale, bodi gani, jina gani, BIOS gani. AM5 niliichagua kwa kuwa AMD wameahidi kuishughulikia hadi 2027 na kuendelea, kesho naweza kubadilisha prosesa peke yake.

Aliyesema nipeleke kazi kwenye seva za kurenda za mtandaoni: ndugu yangu, faili la nyumba moja na picha za kuta zake ni gigabaiti kadhaa, na umeme wa hapa unakatika katikati ya kupakia. Mimi narenda picha moja moja kwenye folda, sio video moja kwa moja, ili umeme ukikatika niendelee pale ulipokatika. Fanyeni hivyo hata nyinyi mlio na jenereta.

"Duka letu la Mombasa lingekutendea haki." Labda. Nitumieni kotesheni yenye jina kamili la bodi na toleo la BIOS, nitaisoma leo hii.

Na mnaonijazia DM mkitaka jina la hilo duka la Nairobi: silitaji hapa, madai yakishasajiliwa jina litakuwa kwenye karatasi za mahakama, mtasoma huko. Wao wenyewe wanasoma uzi huu, nimeona kuna mtu amejisajili usiku huu na jibu lake la kwanza kabisa kwenye jukwaa ni kwamba chumvi ya Lamu ni hatari kwa bodi.