"You alright?" ya Waingereza inajibiwaje?

MgeniLeeds: Wakuu, nina miezi miwili Leeds, napanga mizigo ghalani zamu ya usiku. Kila nikiingia msimamizi ananiambia "You alright?" Siku ya kwanza nilidhani naonekana mgonjwa. Nikaanza kumweleza mgongo, usingizi, na mama aliyelazwa Tanga. Nageuka, jamaa keshafika mlango wa pili! Mtu anakuuliza hali halafu hasubiri?

ShangaziHull: Pole mwanangu, ila umenichekesha. Hilo si swali, ni salamu, kama "mambo" yetu. Ukiambiwa mambo huanzi kutaja madeni, unasema poa. Hapo jibu "Yeah, you?" huku unatembea.

DogoTexas: Huku Marekani ni "What's up?" Mimi nilijibu "Fine" mwezi mzima, watu wananitazama tu. Kumbe ni "Not much".

MgeniLeeds: Shikamoo shangazi. Leo nimejaribu, akajibu "Not bad". Sasa hiyo ni nzuri au mbaya?

ShangaziHull: Marahaba. Ni nzuri. Mwingereza hapandi sana zaidi ya hapo. Mama anaendeleaje?