Naomba ushauri: nyumba ya mirathi, hati bado ina rehani ya benki

Wakuu, habari za majukumu. Nimekubaliana bei ya nyumba Tabata, Dar es Salaam. Hati ipo kwa jina la mzee aliyekwisha kufariki. Kijana wake mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi, na barua ya mahakama ninayo nakala.

Tatizo ni kwamba upekuzi kwa msajili wa hati umeonyesha rehani ya benki bado imo. Familia wanasema mkopo ulishalipwa mzee akiwa hai, na wana risiti ya mwisho imefifia, hata muhuri hausomeki vizuri. Benki wanasema faili linatafutwa. Kila nikipiga simu, jibu ni lile lile.

Naelewa msimamizi lazima aandikishwe kwanza kwenye hati ndipo ahamishe kwa mnunuzi. Je, hilo linaweza kuendelea huku rehani haijafutwa, au tusubiri benki watoe barua ya kuiondoa?

Pili, mama mjane bado anaishi humo. Ananikaribisha vizuri, lakini sijaona popote saini yake, wala ya mabinti wawili walioolewa mikoani. Msimamizi anasema yeye peke yake anatosha. Mimi sikubali kumtoa mama wa watu kwa karatasi ya mtu mmoja. Mliopitia hili, mlidai muhtasari wa kikao cha ukoo, au kila mrithi aliapa kivyake?

Malipo ya awali bado yako kwa wakili wangu. Muuzaji anasukuma nimwachie nusu. Nisaidieni, tafadhali.