Kifuniko cha chuma juu ya pikapu ya besi kina kazi gani?

Swali:
Wakuu, gitaa langu la besi lina vifuniko viwili vya chuma, kimoja juu ya pikapu (kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi), kingine juu ya daraja (sehemu nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gitaa). Mkono hauna nafasi. Nikivitoa nitaharibu sauti?

Jibu la 1:
Hutaharibu, mkuu. Besi ya Fender Precision ya 1951 ilitoka kiwandani navyo. Cha pikapu hulinda koili (waya uliozungushwa ndani yake) na kuegemeza mkono. Cha daraja kina siri zaidi: ndani hubandikwa sponji inayogusa nyuzi, noti ikakatika mapema, "dum" badala ya "duuum". Ukikitoa, sponji inaondoka nacho na noti zitavuma muda mrefu. Ukiumiss mlio ule, chomeka kipande cha sponji chini ya nyuzi, karibu kabisa na daraja.

Jibu la 2:
Naongezea suala la mngurumo. Kifuniko huzuia mngurumo wa umeme pale tu kinapokuwa kimeungwa na ethi (waya wa ardhi wa gitaa). Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye omu, ncha moja kwenye kifuniko, nyingine kwenye ethi ya soketi ya jeki. Kama kimeungwa, itasoma chini ya omu 1. Isipoonyesha muunganiko wowote, hicho ni pambo tu, usihofu mngurumo kuongezeka.

Jibu la 3:
Skrubu zifungue kwa bisibisi inayoenea sawasawa kichwani, maana zikiliwa vichwa ni kazi kuzitoa. Zitunze pamoja na vifuniko. Ukirudisha na kikaanza kutetema kwenye noti za chini, weka kitambaa chembamba cha felti chini ya kingo. Kukaza skrubu kupita kiasi hula mbao.