Wiki ya "jazz laivu" Mwanza: tumelipa laki kusikiliza flashi

Wakuu, nina hasira na sifichi. Wasimamizi, naomba huu uzi msiuhamishie kule kwenye burudani ukafie huko. Hapa sizungumzii ladha ya muziki, nazungumzia hela za watu.

Mnaokaa Mwanza mabango mliyaona. Igoma, Mabatini, mpaka Nyegezi stendi, mengine yamebandikwa migongoni mwa bajaji: wiki nzima ya jazz, bendi laivu kila usiku, upepo wa ziwa bure. Kiingilio sh 20,000 kwa usiku mmoja, au sh 100,000 ukichukua wiki. Nikachukua ya wiki, na ya mama watoto pia. Jamaa yangu wa Bukoba akapanda MV Victoria, akalala melini, akafika Mwanza macho mekundu ila anacheka.

Usiku wa kwanza tulivumilia. Tangazo lilisema saa 1 usiku, mitambo ikaanza kufungwa saa 2, tukapigiwa "tesiti, tesiti" hadi saa 4. Wadudu wa ziwani nao wakavamia taa za jukwaa hadi waimbaji wakawa wanawatema. Hilo simlaumu mtu, anayeweka taa kali ufukweni anajua wageni wake.

Usiku wa pili ndipo nilipochoka. Kaletwa "staa" kutoka Dar na kundi lake: wacheza shoo, mpiga gitaa, mpuliza saksafoni na kijana mmoja kwenye kona na kompyuta yake. Mimi nimekaa karibu kabisa. Mdomo wa bata, yaani ile saksafoni, unalia, mtamu, nikamgusa wife, "sikia hiyo." Mpulizaji akautoa mdomoni. Akachomoa leso, akajifuta jasho la shingo, akaikunja vizuri, akairudisha mfukoni. Saksafoni inalia tu! Wala haikusita. Hapo ndipo nikamwangalia mpiga gitaa. Waya wa gitaa lake umelala sakafuni, ncha ameikanyaga yeye mwenyewe kwa kiatu. Anacharaza solo kwa hisia, macho kafumba, na huku mbele watu wanainuka kumtunza noti za elfu kumi.

Tukarudi usiku uliofuata kwa sababu hela ilishatoka. Staa mwingine, flashi ileile. Na baada yake vilevile, mpaka wiki ikaisha.

Sikiliza, sina ugomvi na pleibeki, ule muziki uliorekodiwa unaotoka kwenye flashi huku watu wakiigiza kupiga. Kwenye harusi, kwenye kampeni, piga. Ila bango liseme hivyo na kiingilio kishuke. Ukiandika "laivu", nchi hii watu wanajua maana yake. Hizi ndizo ardhi za Tabora Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, NUTA Jazz ya 1964 ambayo leo tunaiita Msondo. Kusema kweli nyingi zilikuwa rumba na chacha kuliko jazz ya Wamarekani, na hakuna aliyedai chenji yake, kwa sababu waliokuwa jukwaani walikuwa wanapiga. Na ziwa hili lina historia yake: D.O. Misiani wa Shirati Jazz alizaliwa huko huko Shirati, Mara, muziki wake wa magitaa, benga, ukatikisa Kenya nzima mpaka alipofariki 2006. Leo unatuletea sisi gitaa lisilochomekwa?

Nilimfuata mmoja wa waandaaji. Akaniambia bendi kamili ni gharama: solo, rithim, besi, drams, tumba, wapulizaji, waimbaji, hapo umeshapita watu kumi, na Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Nauli, gesti, chakula. Hesabu naielewa. Sasa mbona wapigaji wa hapa hapa mnao na mmewafanya takataka?

Maana walikuwepo. Wazee wa bendi za zamani, na vijana wawili watatu wa kanisani wanaojua kupuliza. Waliwekwa saa 11 jioni, jua linawachoma usoni, viti vitupu, wahudumu ndio kwanza wanapanga meza. Mzee mmoja wa tarumbeta alikosea noti mbili hivi, akacheka mwenyewe, akairudia ile sehemu mpaka ikakaa. Hiyo ndiyo laivu! Wakakatwa katikati ya wimbo ili didjei aingie. Baadaye nikamkuta yule mzee getini anasubiri bodaboda, tarumbeta kalitia kwenye mfuko wa salfeti. Nikampa shikamoo, nikamuuliza kama wamemlipa. "Wameniambia nije Jumatatu, mwanangu."

Kibali cha shughuli kama hizi kinapita Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) na kwa afisa utamaduni. Je, kuna anayekwenda kukagua kilichoombewa kibali ndicho kinachofanyika, au wanakagua risiti tu? Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mlaji kwa matangazo. Mimi barua naandika, anayetaka kuungana aje inboksi.

NYONGEZA: Kuna mchangiaji kasema kama sikupenda ningeondoka. Mkuu, getini pameandikwa ukitoka hurudi na tiketi hairudishwi. Mwingine anasema "hata huko duniani wanafanya". Huko duniani wakikamatwa wanazomewa, sisi tumewabandika noti usoni. Na wewe unayesema mimi mshamba wa mitambo, kwamba gitaa lilikuwa halitumii waya: ule waya ulikuwa wa nini basi, wa kufungia mbuzi?

Tiketi ninazo. Ninachokosa ni picha ya bango inayosomeka vizuri hilo neno "laivu". Nasikia pale Mlango Mmoja wameshaanza kuyabandua, aliye karibu awahi atupie hapa.