Naomba ushauri: nyuzi za besi kwa kwaya, niko Moshi

Wakuu, habari za jioni. Napiga besi kwaya ya kanisani hapa Moshi, gitaa la nyuzi nne, urefu wa uzi unaolia ni inchi 34. Nyuzi zimechoka: ule mnene wa E umepauka, ukiugonga unatoa "dub" tu, na nikifika freti (vile vyuma vya shingoni) ya 12 noti inapanda hata kama nimetyuni vizuri.

Nayumba kati ya aina mbili. Zilizozungushiwa waya wa mviringo zinalia kwa ukali, kila noti inasikika, ila zinakwaruza vidole na kula freti, hasa nyuzi za chuma cha pua. Za waya bapa ni laini, zinadumu, na zina ule mdundo mzito wa kizamani wa James Jamerson, yule mpiga besi wa lebo ya Motown ya Marekani. Shida mapambio yetu ni sebene tupu. Naogopa kinanda kitazimeza. Halafu bei yake, mmh.

Kuhusu unene, Arusha nimeona seti za 45 hadi 105 na 40 hadi 100 (elfu za inchi, uzi mwembamba hadi mnene). Nyembamba vidole vinazipenda, lakini sisi tunashusha nusu toni ili soprano wapumue. Zikilegea si zitagonga freti? Na nikibadili unene, lazima niguse ile nati ya kunyoosha shingo?

Hela ni ya mfukoni kwangu, maana viongozi wanasema sare kwanza. Mnaopiga besi kanisani, mnafunga zipi? Na anayejua duka lisilouza feki, Arusha au Moshi, anielekeze.