"Wewe rusha tu, hesabu tutakufanyia." MIMI? Huyu bwana wa meza ya Jumamosi amenichosha!

Nesi wa Zamu ya Usiku

Wakuu, salamu zitakuja baadaye. Niko ndani ya gari nje ya ile nyumba, hita inapuliza, mikono inatetemeka, na wala si baridi ya Minnesota. Ni hasira.

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule wa dadu za chuma kwenye kimfuko cha zambarau, anayekohoa kwanza kabla joka lake halijaongea. Atakayejifanya hamjui muongo, nusu ya jukwaa hili mmeshakalia viti vyake.

Leo nimekwenda kujifunza Dungeons & Dragons. KUJIFUNZA. Ule mchezo wa hadithi ambao kila mtu ana mhusika wake, dadu zinaamua, na yeye ndiye anayeuendesha. Tangazo aliliweka mwenyewe humu ndani: wageni karibuni, sheria za msingi tutafundishana. Nimefika mapema, nimebeba sambusa za nyama sinia zima, nimevua buti mlangoni kwa adabu. Nikajaza karatasi ya mhusika wangu kwa penseli yangu, taratibu: mwizi, levo ya kwanza, wepesi 16, uhai 10. Kisha nikauliza swali moja tu. "Samahani, hii 16 inageukaje kuwa 3?" Maana ukirusha lile dadu la pande 20 huongezi 16, unaongeza 3, na hakuna aliyeniambia hiyo 3 imetoka wapi.

Akanitazama. Akawatazama wenzake. Akaichomoa penseli MKONONI MWANGU, akaandika +3 yeye mwenyewe kwenye karatasi yangu, akasema: "Dada, wewe rusha tu. Hesabu tutakufanyia."

Hesabu tutakufanyia!

Mimi ninayekesha napiga hesabu za dripu! Matone kwa dakika, miligramu kwa kilo ya mgonjwa, nukta moja ikihama mtu anakwenda mochwari! Walivyoangua kicheko, Wisconsin wamefungua madirisha usiku huu kuuliza kuna nini ng'ambo.

Kaniambia mbele za watu. Mbele ya yule kijana wa chuo ambaye hata ndevu hazijaota, naye akacheka. Hesabu tutakufanyia.

Nikarusha, likaja 1. Mwizi wangu alikuwa anatembea juu ya ukuta. Bwana akakohoa, akatangaza: umeanguka, umekufa, karibu tena Jumamosi. Halafu penseli akaichomeka sikioni mwake. Penseli yangu!

Sijaja kubishana sheria. Sheria sizijui, ndiyo maana nilikwenda. Lakini mchezo huu Dave Arneson alikuwa anauchezesha hapa hapa kwetu, Saint Paul, dunia yake ya Blackmoor, kabla yeye na mwenzake Gary Gygax hawajatoa vitabu vyake mwaka 1974. Kwenye meza zile hakuna aliyekuwa anaujua, haukuwepo! Wote walikuwa wageni! Sasa huyu wa kwetu amezaliwa anaujua?

Hesabu tutakufanyia. Mungu wangu.

Kobe Haendi Mbio

Nimeshika nafasi ya mbele. Bisi ziko wapi?

Mgosi wa Brooklyn Park

Pole sana dada. Huyo bwana ndivyo alivyo. Mimi nilimwomba aniazime dadu, akanipa la plastiki lililochubuka, namba hazisomeki. Yale ya chuma akayafunika kwa kiganja, utadhani nimekuja na gunia.

Ukweli Mchungu

Yaani uzi mrefu namna hii kwa sababu ya +3? Dada, nenda kalale, una zamu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Ukweli Mchungu, soma vizuri. Sijalia +3. Nimenyang'anywa kalamu nikaambiwa hesabu NITAFANYIWA. Wewe ungeambiwa hivyo mbele ya mkeo ungelala?

Ukweli Mchungu

Mwanzo ilikuwa penseli, sasa ni kalamu. Kesho itakuwa kompyuta.

msee_wa_roundabout

Manze pole. Mimi nilifika hiyo meza na bibi yangu, jamaa akamwambia "wewe shemeji utakuwa mganga, utatibu watu." Hakuuliza anataka kuwa nani. Bibi alikuwa anataka shoka. Hatujawahi kurudi, na mpaka leo nikitaja hiyo game nyumbani naulizwa shoka iko wapi.

Mjukuu wa Karani

Dada Nesi, tulia nikueleze kile ambacho ungeelezwa pale mezani. Uwezo wa 10 au 11 ni mtu wa kawaida, haongezi wala hapunguzi. Kila ukipanda alama mbili unaongeza moja: 12 ni 1, 14 ni 2, 16 ni 3. Ukishuka hadi 8 unapunguza moja. Imekwisha. Hiyo ndiyo siri yote iliyomshinda kuitoa mdomoni.

Sasa nije kwenye kifo chako, hakijanikaa sawa. Kwenye karatasi, katika ujuzi wa sarakasi, uliweka umahiri wa mwizi?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Ndiyo. Kijana wa chuo ndiye aliyenionyesha pa kutia alama. Kabla hajacheka.

Mjukuu wa Karani

Basi una 3 ya wepesi. Una 2 ya mazoezi ya levo ya kwanza, na palipo na umahiri ile 2 inarudufiwa, inakuwa 4. Jumla 7. Alisema ilitakiwa ngapi ili usianguke?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Alisema ukuta ni mpana, 5 inatosha.

Mjukuu wa Karani

1 na 7 ni 8. ULIPITA. Ile 1 inayoharibu kila kitu ni ya kumshambulia adui, hapo umekosa hata kama una mabilioni ya kuongeza. Kwenye kutembea ukutani, kufungua kufuli, kunyata, 1 ni namba tu kama namba nyingine, unajumlisha unaendelea. Ukuta ulikuwa na urefu gani?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Futi 10.

Mjukuu wa Karani

Kuanguka futi 10 unarusha dadu MOJA la pande sita. Likikuangukia vibaya kabisa ni 6. Una uhai 10. Unabaki na 4, unakung'uta vumbi, unaendelea kuiba. Na hata ungefika sifuri, hufi papo hapo. Unalala, zamu yako ikifika unarusha dadu za kufa na kupona: 10 kwenda juu umefaulu, chini yake umefeli, tatu za upande mmoja ndizo zinazoamua. Hapo 1 ndiyo mbaya kweli, inahesabiwa kufeli mara mbili, na 20 inakuinua na uhai 1. Wewe hukurushishwa hata moja.

Kobe Haendi Mbio

Subirini kwanza. Kwa hiyo hao waliosema hesabu watamfanyia, hesabu yenyewe hawaijui?

Nesi wa Zamu ya Usiku

NDICHO NINACHOSEMA!!! Hesabu tutakufanyia, halafu 1 na 7 zimewashinda kujumlisha! Nimeuawa na mtu asiyejua kujumlisha, na penseli yangu iko sikioni mwake!

Mgosi wa Brooklyn Park

Hii imeniuma mimi niliye kitandani kwangu.

Chuma cha Reli

Mnamwonea. Jamaa anaendesha mchezo bure, nyumba yake, umeme wake, zulia lake mnalimwagia soda. Neno la mwisho mezani ni la DM, yaani mwendesha mchezo, na kwenye meza ile 1 ni 1, wote tunajua. Kila nyumba na sheria zake.

Mjukuu wa Karani

Sheria ya nyumbani inatangazwa kabla ya dadu kurushwa, Chuma. Humwambii mgeni anayejifunza baada ya kumzika.

Chuma cha Reli

Angeuliza.

Nesi wa Zamu ya Usiku

NILIULIZA! Nikaambiwa hesabu nitafanyiwa!

Ukweli Mchungu

Chuma cha Reli, ndiye wewe nini? Mbona unajua zulia lina soda?

Mganga Levo ya Tano

Kwa kuwa uzi umefunguliwa, na mimi nitoe la kwangu. Mwenzangu ameanguka, uhai sifuri, damu inamwagika. Niko pembeni yake kabisa na chupa ya dawa ya uhai mkononi. Kitabu cha sheria cha 2024 kinasema kumnywesha mtu aliye ndani ya futi 5 ni tendo dogo, unabaki na tendo lako kubwa. Akakataa: "hapa tunacheza cha 2014," na kwa 2014 kumnywesha kunakula tendo zima. Sawa, nikanyamaza. Zamu iliyofuata lile joka lake likaja limevaa takwimu za kitabu kipya, nono kweli kweli! Sisi tunahukumiwa kwa kitabu cha zamani, wanyama wake wanakula kwa kitabu kipya. Mwenzangu alikufa hivyo, na alikuwa amemchora mhusika wake kwa rangi.

msee_wa_roundabout

Wacha! Alichora na rangi?

Mganga Levo ya Tano

Kwa rangi, msee. Na upinde wake. Na mbwa.

Mjukuu wa Karani

Mbwa tena? Hapo naungana na wewe, hakuna kitabu kinachoruhusu hilo.

Binti wa Forodhani

Kwani lazima mnunue vitabu? Sheria za msingi ziko mtandaoni bure, za 2014 ziko, za 2024 ziko. Mimi nilisoma kurasa za mhusika na za mapigano tu, nikaenda meza nyingine, watu wakanipokea vizuri. Dada Nesi, soma hizo, hata usimwombe mtu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Nitasoma dada yangu, ahsante. Lakini aliahidi kufundisha. Angeandika kwenye tangazo kwamba wageni watafanyiwa hesabu, ningebaki na sambusa zangu.

Mzee wa Kete

Nimesoma mpaka hapa nimeshindwa kunyamaza. Vijana mnauana kwa dadu la pande 20. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, halina dadu, halina bahati, na hakuna DM wa kukukoholea. Kete ziko wazi, macho unayo, unafungwa na akili yako mwenyewe. Na huyo mnayemsema nilimkaribisha kwenye bao langu. Nikamweka chini nikamfundisha kunamua, ile hatua ya kwanza ya kuingiza kete, hata kwenye mtaji, hatua ya pili, hatujafika, akaanza kunisahihisha MIMI jinsi ya kuchezesha nyumba. Mimi!

Kobe Haendi Mbio

Mzee na wewe umefanyiwa hesabu.

Mzee wa Kete

Nyamaza kijana. Muulize takasia ni nini, uone atakavyokohoa.

Jogoo wa Mbagala

Mzee heshima yako, ila bao ni la wenye muda. Mchezo ni drafti. Na hapa nina dukuduku langu: pale tunapochezea baada ya kazi kuna bwana mmoja (wa drafti, siyo huyu wa majoka) ukiwa na njia mbili za kula anakulazimisha ule ile inayompendeza YEYE. Ukikataa anainua ubao. Kete zote chini! Mimi nilikuwa na kingi mbili!

Ukweli Mchungu

Kingi mbili huna, Jogoo. Tulikuwa wote. Ulikuwa na moja, nayo imebanwa kwenye kona.

Jogoo wa Mbagala

Ilibanwa BAADA ya ubao kuinuliwa!

Mzee wa Kete

Kete zikishamwagika hakuna kingi, hakuna kona.

Chuma cha Reli

Drafti kula ni lazima, lakini njia unachagua mwenyewe. Huyo bwana ni mwizi.

Jogoo wa Mbagala

Asante Chuma! Mtu wa haki!

Ukweli Mchungu

Nyumbani kwetu lazima ufuate njia yenye kete nyingi. Babu yangu alikuwa anachapa mtu kwa hilo.

Chuma cha Reli

Babu yako naye ainue ubao.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Jamani, na mimi? Mwizi wangu amekufa kihalali au hajafa?

Mgosi wa Brooklyn Park

Hajafa dada, tumeshakubaliana, hata angeanguka uhai usingeshuka chini ya 4. Jogoo, hiyo drafti yenu mnachezea ubao wa miraba 64 au ule mkubwa? Maana sheria zinatofautiana, msije mkachanganya.

Jogoo wa Mbagala

64. Na kingi ilikuwa huru nasema, ilikuwa na njia hadi mwisho wa ubao!

Binti wa Forodhani

Jogoo, fungua uzi wako wa drafti, huu ni wa watu wa majoka.

Jogoo wa Mbagala

Nimeufungua tangu juzi, mods, wasimamizi wa jukwaa, wameufuta. Na mmoja wa hao mods ndiye mwinua ubao.

Mzee wa Kete

Nani? Yule mwenye fulana ya njano?

Jogoo wa Mbagala

Sijamtaja mtu, Mzee. Ila fulana ni ya njano.